Nyuzi za Salfeti Tumboni mwa Perege

Kila jioni, akitoka kwenye shamba la viazi, Conjesta alipitia bwawani. Alirusha pumba, perege wakaja juu wakigombania, naye akasahau uchovu. Bwawa lile lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kule Mahongole. Alilichimba kwa ajili ya Ema, mwanawe wa mwisho. Muuguzi alikuwa amesema mtoto amepungua uzito, apewe samaki. Na kweli, Ema alianza kunawiri. Samaki wadogo mama yake aliwakaanga wazima wazima, na matumbo yao.

Mvua zilipozidi, samaki walitoroka pale penye upenyo wa kutolea maji. Conjesta akapaziba kwa mifuko ya mbolea, ile ya salfeti iliyofumwa kwa nyuzi nyeupe. Ilikuwa imechakaa kwa jua, ukiigusa inapukutika. Hakuona ubaya.

Siku moja jirani yake, Judith, alikuja kumsaidia kuparua samaki. Judith naye anafuga samaki, na alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya wafugaji Njombe. Alipasua perege mkubwa, akapekua matumbo yake. Kisha akanyoosha kiganja. Palikuwa na vinyuzi vyeupe, vimejiviringa.

"Mama Ema, samaki wako siku hizi unawalisha mifuko?"

Conjesta alicheka. Akaona mwenzake hacheki.

Judith akamweleza taratibu. Mfuko ule ni plastiki. Hauozi. Unakatika tu, vipande vidogo, halafu vidogo zaidi, mpaka jicho halivioni. Wadudu wa majini huvimeza, samaki humeza wadudu, nasi tunakula samaki. Vingine hufuata kijito, huingia mito mikubwa hadi baharini, na samaki wa huko nao huvila.

Conjesta aliweka kisu chini. "Dada, na mimi namlisha na matumbo! Nimemuua mwanangu?"

"Hujamuua. Wataalamu bado wanachunguza jinsi vinavyoweza kumdhuru mtu. Usimnyime samaki, anawahitaji. Toa matumbo. Na hiyo mifuko tuitoe kabla haijaishia yote majini."

Asubuhi waliitoa, hata vipande vilivyozama kwenye tope. Conjesta alitaka kuichoma. Judith akamkataza, maana moshi wake nao ni sumu. Wakaipeleka kwenye gari la taka. Pale penye upenyo wakachomeka uzio wa mianzi, waliousuka wenyewe.

Mavuno yaliyofuata, Conjesta alipasua samaki mmoja mmoja. Hakuona uzi hata mmoja. Ema alikula wawili, akaomba wa tatu.

Ndoo ya kwanza ilikwenda kwa Judith. Judith akasema ni wengi mno.

"Pokea, dada. Ungeona aibu kuniambia, mpaka leo ningekuwa namlisha Ema plastiki."