Nyumba Iliyopanda Kamiyo

Depo za mbao za Ndosho, mjini Goma, siku ya Jumamosi ni kelele tupu: misumeno, pikipiki, wabebaji wanaotukanana kwa Kinande, na vumbi jeusi la volkano linaloingia mpaka ndani ya soksi. Séraphine alikuja kununua mbao tatu za kuziba ukuta wake. Alivaa libaya, blauzi yake ya njano, na kikwembe cha kanisani, na hilo lilikuwa kosa lake. Mwanajeshi mmoja aliyebeba boriti begani aliitwa na mwenzake, akageuka, na ncha ya boriti ikamvua Séraphine kitambaa cha kichwa na kukitupa kwenye tope.

"Weye! Kule jeshini hawakukufundisha kuangalia nyuma?"

"Walinifundisha kuangalia mbele, mama. Adui anakuwaka mbele siku zote."

"Basi leo adui ni miye. Okota."

Akaokota. Alikuwa ajida, cheo cha juu kidogo ya sajini, jina lake Léopold, kijana mrefu, bereti imekaa sawa, viatu viking'aa mahali ambapo hakuna kiatu kinachong'aa. Mbao tatu alizibeba yeye mpaka kwa Séraphine, na njia nzima Séraphine alimtembeza mbele kama mfungwa, asije akamvua mutu mwingine kitambaa.

Kutoka siku hiyo simu haikunyamaza.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Nimekula kwa macho. Niliangalia foto yako."

"Utakufa njaa, bwana. Foto ile nilikuwa ningali mwembamba."

Mwaka haukuisha, mbuzi wa mahari wakafika Butembo kwa wajomba, padri akawafungisha ndoa, na Léopold akahamia katika nyumba ya Séraphine. Ilikuwa nyumba ya mbao, rangi ya bluu, juu ya msingi wa mawe ya volkano. Baba yake aliijenga mwenyewe, akamwachia yeye, na Séraphine alishonea nguo za watu kwenye chumba cha mbele. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Kisha ikaja karatasi: Léopold anahamishiwa kambi moja upande wa Rutshuru. Barabara ilikuwa bado inapitika wakati ule.

"Kambini vyumba vimejaa," alisema. "Bibi za waaskari wanalala chini ya shitingi, turubai tupu, mvua inawanyeshea. Mwenye mbao zake anajenga pembeni ya kambi. Bibi yangu, tuhamishe nyumba."

Mutu wa mbali atacheka, lakini Goma nyumba ya mbao inaweza kuvunjwa asubuhi na kusimama mtaa mwingine jioni. Mbao na kiwanja ni vitu viwili. Unaweza kuuza kimoja na kubaki na kingine. Séraphine aliuza kiwanja kwa jirani yake, Papa Mulumeoderhwa, ili wapate kamiyo ya kubeba mbao, misumari na mabati mapya.

"Mutoto wangu," muzee alimwambia, "juu ya nini haumuache atangulie kwanza, weye ubakie na kitu?"

"Papa, muke anakaa kwenye bwana yake iko."

Muzee akatikisa kichwa. Lakini alinunua, maana kile kiwanja alikitamani miaka mingi. Bwana na bibi wakatia sahihi wote wawili. Bila sahihi ya mmoja wao, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, hagongi muhuri. Mbao zikaandikwa namba kwa makaa, zikapakiwa, na nyumba ya baba yake ikaondoka na Léopold ameketi juu yake, anapunga mkono kama bwana harusi.

Séraphine alibaki kwa shangazi yake, mtaa wa Lac Vert, amalizie nguo za wateja. Wiki mbili, walipatana.

"Ukuta umesimama, sheri."

"Na mulango?"

"Mulango nao. Rangi yake kila mutu anaisifu."

"Basi nikuje."

"Ngoja kidogo. Mabati hayajaisha kupigwa."

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Simu zikafupika. Akipigiwa, Léopold alikuwa kazini; asipopigiwa, hapigi. Shangazi akasema, "Iko muke pale." Séraphine akakataa kwa mdomo, lakini usingizi ulimruka, na Alhamisi moja akapanda basi ya Rutshuru na cherehani yake magotini.

Nyumba aliiona kutoka mbali, bluu katikati ya mashitingi meupe. Mbao zilikuwa pahali pake, moja kwa moja, namba za makaa bado zinasomeka. Mlangoni aliketi mama mnene anayechagua maharagwe. Alikuwa mama Vanessa, bibi wa majoro, mkubwa wa kambi.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

"Ajida Léopold."

"Haa! Ule maskini wa kufiwa? Anakaa kule chini, kwenye shitingi. Hii nyumba alituuzia sisi."

"Amefiwa na nani?"

"Na bibi yake. Malaria ilimukamata Goma, hata kuja kukaa hakukaa. Alilia hapa hapa, mpaka miye nikalia naye." Akamtazama vizuri, akaona cherehani, akaona macho yalivyomtoka. "Ao weye ni dada ya marehemu? Pole, mama. Haukuambiwa?"

Séraphine aliomba kuona karatasi ya kuuziana. Mama Vanessa, kwa huruma, akaileta. Iliandikwa kwa mkono anaoujua: *Mimi, ajida Léopold, mjane wa marehemu Séraphine...* Pahali pa sahihi ya bibi pamepigwa msitari.

Alimkuta Léopold kwenye shitingi, anafua shati. Amekonda. Alipomwona, sabuni ikamtoka mkononi.

"Sheri..."

"Nilikufa lini, Léo?"

Akamvuta ndani. Akaongea haraka, sauti chini. Walikuwa wanaandika lisiti, orodha ya majina ya watu wa kupanda mlimani, kwenye vita. Watu wa lisiti ya kwanza hawakurudi hata mmoja. Majoro akamwambia lisiti inaweza kusahau jina moja, akaangalia ile nyumba. Léopold akampa, wakaandika kwamba imeuzwa, ili mutu asiulize. Sahihi ya bibi ilikuwa inakosekana.

"Nilifanya juu yako. Sikutaka ubakie mujane."

"Kwa hiyo ukajifanya mujane weye."

"Nitajenga ingine, bibi yangu. Naapa."

"Léo, ungenipigia simu ukasema, 'Kuja utie sahihi, wataniua,' ningekuja siku ile ile. Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi juu ya nini?"

"Nilisikia haya. Ilikuwa rahisi kukulilia kuliko kukuomba."

Léopold angekuwa na muke mwingine, Séraphine angejua la kufanya. Wakati huo nje ilisikika motokari, kisha sauti ya majoro, na mama Vanessa anamweleza kuna mgeni. Wakatoka. Majoro alisimama na mikono kiunoni.

"Ajida, huyu mama ni nani?"

Léopold akamtazama Séraphine. Neno moja tu la Séraphine, na ile karatasi ni uongo, nyumba ni yake, askari walioko pale wote mashahidi. Neno hilo hilo, na jina la Léopold linarudi kwenye lisiti kabla ya Jumapili.

Aliitazama nyumba, mbao moja moja. Halafu akamtazama mume wake, viatu vyake vimejaa tope.

"Miye ni dada ya marehemu," alisema. "Nilikuja kuchukua nguo zake."

"Pole sana," majoro akasema, akavua bereti.

Nguo hazikuwapo. Mama Vanessa hakutaka aondoke mikono mitupu. Akafunga maharagwe kwenye kitambaa, akaongeza sabuni mbili, kama anavyopewa mutu aliyefiwa.

"Ni kidogo, mama. Mungu amupumzishe."

"Aksanti," Séraphine akasema.

Léopold alikuwa ameanza kulia mbele ya watu, kwa sauti, na safari hii haikuwa ya kuigiza. Askari wenzake wakamshika. Séraphine akaweka maharagwe juu ya cherehani, akaita pikipiki, akapatana bei mpaka Rutshuru.