Kilichokwama Kwenye Karo

Maji yaligoma kushuka tangu asubuhi, lakini si hilo lililomshangaza dobi. Karo huziba. Kilichomshangaza ni kwamba kila alipoyakoroga kwa mpini wa ufagio, yalitoa povu mojamoja, na kila povu likipasuka lilisikika kama kwikwi ya mtoto mchanga aliyeshiba.

Karo lile la saruji lilikuwa nyuma ya nyumba, na ndilo lililomlisha mwanamke huyo na familia yake. Mashuka ya watu yalikuwa yamerundikana hadi magotini. Alijaribu waya, akajaribu mpira wa kusukumia, akatukana. Mwishowe akabandika sufuria kubwa motoni, maji yakachemka hadi kifuniko kikaanza kucheza.

Mama mkwe wake alikuwa kizingitini akichambua mchele. Alipomwona akipita na sufuria, aliinua kichwa.

"Mwanangu, usimwage hivyo hivyo. Piga hodi kwanza. Waambie wenyewe wasogee."

"Nimpigie nani hodi, mama? Mende?"

"Kwani ulimi una mfupa? Sema tu."

"Mama, kazi inaningoja." Akamimina yote kwa mpigo.

Kilio chembamba kikapanda kutoka ndani ya bomba, kikapanda zaidi, kikakatika. Kisha karo likakoroma na kumeza maji yote, na harufu ya unyoya uliobabuliwa ikajaa uani. Ungo ulimponyoka mama mkwe.

"Tumekwisha," alinong'ona.

"Limezibuka," dobi alijibu, ila hakumtazama machoni.

Dobi alikuwa na binti mmoja mdogo, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata usingizini alisimulia. Jioni hiyo mama yake alimketisha kwenye beseni. Akayapima maji kwa kiwiko: baridi. Akachota kikombe, akammwagia begani.

Chiriku alipiga yowe. Palepale bega likawa jekundu, likatunga malengelenge, na ngozi ikateleza chini ya vidole vya mama kama ganda la nyanya iliyochovywa maji moto.

Hospitalini muuguzi alimwuliza nani amemchoma mtoto, akamtazama dobi kama mtu anayetazama nyoka. Akaloweka pamba kwa maji ili asafishe kidonda, na pale pamba ilipogusa, ngozi nyingine ikatoka. Muuguzi akarudi nyuma, pamba mkononi.

Wakarudi nyumbani, lakini Chiriku hakuweza hata kunywa. Tone moja lilimbabua midomo. Kufikia kesho yake jioni alikuwa amenyamaza kabisa, macho yamezama, na mama mkwe akaenda kumleta mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Mganga hakumgusa mtoto. Alikwenda moja kwa moja uani, akafukiza ubani, akainama juu ya tundu la karo.

"Mwenye nyumba, tumekuja kwa heshima. Unataka nini?"

Ile harufu ya kuungua ikarudi, nzito, ikawaingia puani na kooni, na kutoka chini kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila matope na giza, ikapanda sauti ya mwanamke aliyelia hadi machozi yakamwishia, akabakiwa na hasira tupu.

"Nilikuwa nimemlaza hapo. Hakufa wangu. Ngozi ndiyo imemtoka. Namvika ya wako."

Mganga alitikisa kichwa. "Ana haki," alimnong'oneza dobi. "Siwezi kumfukuza mwenye haki."

Dobi alianguka kifudifudi. "Nisamehe, mama mwenzangu! Mimi ndiye niliyemwaga. Chukua yangu!"

"Yako kubwa. Itampwaya."

"Basi ngoja akue! Akikua itamtosha."

Mama mkwe alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno likishatoka halirudi. Chini kule kitu kilicheka taratibu.

"Nimekubali. Kila jioni utaleta mkono. Tutapima."

Ndani ya nyumba Chiriku aliomba maji. Akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Alipona. Ngozi ikarudi, na maneno yakarudi maradufu. Jioni moja tu dobi alijaribu kutokwenda. Mtoto akaunguzwa na jasho lake mwenyewe. Tangu hapo hakukosa. Kila jua likizama hupiga magoti karoni, hupenyeza mkono ndani ya tundu, na mkono mwingine, mbichi, usio na ngozi, huja kuushika.

Mwanzoni ulikuwa kama wa paka. Lakini watoto wao hawakui kama wetu. Jana viganja viligusana, kidole kwa kidole, vikapishana kwa ukucha tu.

"Mama, njoo uone!" Chiriku aliita leo kutoka ndani, akicheka, mkono wa mama yake ukiwa bado tunduni.

"Nakuja, mwanangu," dobi alijibu. Akavuta mkono, na kwa mara ya kwanza ule mwingine haukumwachia.