Herufi Tano Zilizohama

Vidole vya Célestine viligonga boksi haraka haraka. Lilikuwa boksi la biskuti. Alikuwa amelikunjua, akachora juu yake kibodi nzima ya kompyuta kwa kalamu nyeusi. Sasa alijifunza kuchapa bila kutazama chini. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Ndani ya simu, mwanamke mmoja alifundisha kwa Kifaransa.

"Mama, maharage!" alisema binti yake, Gaëlle.

"Nayasikia."

"Hayasikiki, Mama. Yananuka."

Célestine aliruka, akaongeza maji kwenye sufuria, akarudi mezani. Mguu wake mmoja ulitikisika chini ya meza. Siku hizi hakuweza kutulia. Alifungua video nyingine.

Mumewe, Hénock, alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye kona ya chumba akifumua zipu ya suruali.

"Ile ya kwanza umeimaliza?" aliuliza.

"Nimeiacha katikati."

"Na ya asubuhi?"

"Hénock, shona suruali yako."

Walipanga chumba kimoja katika mtaa wa La Rochelle, Afrika Kusini, kwenye nyumba ya familia tano. Kwa miaka minne Célestine alikuwa akisafisha shule ya chekechea kule Kensington. Dawa ya sakafu ilimkaba kifua. Kila jioni alirudi akikohoa. Muuguzi wa kliniki alimwambia, "Ukikaa mbali na dawa hiyo, utapata nafuu. Ukiendelea, hali itazidi."

Lakini atakaaje mbali na sakafu, na sakafu ndiyo kazi yake?

Kisha karani wa shule akasema anaondoka. Mwalimu mkuu, Ticha Fiona, alimwita Célestine ofisini.

"Unamjua kila mtoto na kila mzazi," alimwambia. "Kazi hii ungeiweza. Ila lazima ujue kompyuta. Mwisho wa mwezi ujao nitakupa jaribio. Utaandika barua kwa wazazi, na orodha ya watoto kwenye jedwali. Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, nitatafuta mtu mwingine."

Tangu siku hiyo Célestine aliangalia video kila nafasi aliyopata. Wiki tatu zilipita. Zilibaki siku kumi na tatu.

Jumamosi asubuhi alikwenda maktaba. Pale wanachama hutumia kompyuta kwa saa moja bila malipo. Aliketi, akaweka vidole kama alivyofundishwa, akatazama mbele. Akaandika jina lake.

*Celestine.*

Herufi zote zilikuwa sawa! Basi akaanza barua. Barua za shule yao ni za Kiingereza, na huanza kwa kuwasalimu wazazi: *Dear Parents.* Alichapa, kisha akatazama.

*Deqr Pqrents.*

Alifuta, akachapa tena polepole. *Deqr Pqrents.* Alijaribu neno dogo kuliko yote, mama. Kompyuta ikaandika *;q;q*.

Dakika zilikuwa zikipungua kwenye kona ya skrini. Célestine aligonga kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ilikuwa haisikii vizuri. Haikusaidia. Alichukua mkoba wake akaondoka kabla saa haijaisha.

Nyumbani, jirani yao Bakiri alikuwa akianika sare yake kwenye kamba. Bakiri ni Mrundi wa Buyenzi, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye chuo kimoja cha Troyeville. Ana sauti ya chini. Asubuhi huwa na usingizi, lakini salamu haimpiti.

"Mama Gaëlle, mbona unatembea kama umeng'atwa na nyuki?"

"Niache tu, Baba Najma. Kompyuta ya maktaba ni mbovu. Nabonyeza a, yenyewe inaandika q."

Bakiri hakucheka. Aliacha kuanika.

"Umejifunzia wapi kuchapa?"

"Kwenye video. Nimechora na kibodi yangu."

"Hebu niione."

Célestine alimletea lile boksi. Bakiri alilitazama kwa muda mrefu, mpaka Célestine akaanza kugonga mguu chini.

"Umechora vizuri," alisema mwishowe. "Mwalimu wako pia hana kosa. Lakini hii ni kibodi ya Kifaransa. Ndiyo tunayoijua kule kwetu Burundi, na ninyi kule Kongo. Hapa Afrika Kusini kibodi ni ya Kiingereza. Herufi nyingine zinakaa mahali tofauti."

Célestine aliketi kwenye ngazi.

"Mungu wangu! Kwenye ofisi ya Ticha Fiona naipangusa kibodi kila siku. Miaka minne! Napangusa herufi, sizisomi." Alikohoa, akajifuta mdomo. "Kwa hiyo wiki tatu zangu zimepotea bure."

"Hazijapotea. Njoo tuhesabu. A na q zimebadilishana mahali. Z na w vilevile. M imeshuka, sasa inakaa kando ya n. Ngapi hizo?"

"Tano."

"Tano tu zimehama. Ishirini na moja zipo palepale, na vidole vyako vinazijua. Jina lako halina hata moja kati ya hizo tano. Ndiyo maana lilitoka sawa."

Célestine alilirudia jina lake kichwani, herufi moja moja. Ilikuwa kweli.

"Wewe ulijuaje?"

"Mimi kosa hilo nimeishi nalo mwezi mzima," Bakiri alisema. "Nilimwandikia mkubwa wangu ripoti ya zamu. Akaniuliza ni lugha gani."

Hapo Célestine alicheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Gaëlle alikuwa mlangoni akisikiliza. "Eish, Mama, si ubadilishe tu kompyuta? Unaiambia iwe ya Kifaransa. Kazi imeisha."

"Inawezekana?" Célestine aliinuka. "Basi nifanye hivyo leo!"

"Inawezekana," Bakiri alijibu. "Kwenye mashine yako mwenyewe, ni sawa kabisa. Lakini ile ya ofisini wanaitumia na walimu wengine. Utawaachia mashine inayoandika herufi tofauti na zinazoonekana kwenye kibodi. Uamuzi ni wako, Mama Gaëlle."

"Basi nitajifunza ya hapa," alisema Célestine. Aliketi tena.

"Nikuulize jambo," Bakiri aliendelea. "Umeangalia video ngapi?"

"Labda arobaini."

"Umefanya ngapi kwa mikono yako?"

Célestine aligeuzageuza boksi mapajani. Ndani, cherehani ya Hénock ilinyamaza.

"Mwanafunzi wangu akitazama tu, simpi mkasi," Hénock alisema kutoka chumbani.

"Wewe shona!"

Bakiri alipiga miayo, akaomba radhi, kisha akamweleza anavyojifunza yeye. Kwanza hutafuta somo linalolingana na mashine atakayoitumia. Huandika jina la programu, lugha anayoitaka, na kitu kimoja tu anachotaka kujua. Halafu huchagua video moja. Mwalimu akiongea haraka, hupunguza mwendo wa video. Huangalia dakika tatu, husimamisha, hufanya. Mwisho hufunga video na kufanya tena bila msaada. Akikwama, huandika kwenye daftari mahali alipokwama.

"Na ukurasa ukikuomba namba ya kadi ya benki ili ujifunze, ufunge," aliongeza. "Masomo ya bure yapo mengi."

"Dakika tatu tu? Nina siku kumi na tatu!"

"Ndiyo maana," alisema Bakiri, akaenda kulala.

Jioni hiyo Célestine aligeuza boksi upande wa pili, akachora kibodi mpya. Zile herufi tano alizichora kwa kalamu nyekundu. Gaëlle alimsomea maneno yenye a: baba, kaka, taa, saa.

"Hiyo umegonga q."

"Umeonaje?"

"Nimeona kidole, Mama. Tena!"

Siku ya pili Célestine alitaka kurukia m. Siku ya tatu alifungua video nne kwa mpigo, na asubuhi hakukumbuka hata moja. Alijikasirikia. Kisha alichukua daftari, akaandika: *Leo ni a tu.* Hénock alianza kukaa na simu mkononi. Dakika tatu zikifika, aliisimamisha bila kuulizwa, hata mkewe akimkunjia uso.

Célestine akitoka kazini saa nane mchana, alipitia maktaba. Alijifunza kuchora jedwali. Mara ya kwanza mistari ilipotea, hakujua imekwenda wapi. Mara ya pili majina yalitoka nje ya visanduku. Daftari lilijaa. *Nimekwama: kuongeza mstari.* Siku iliyofuata alitafuta jambo hilo moja, akalipata, akalifanya mara sita. Mguu wake bado ulitikisika chini ya meza. Lakini vidole vilianza kutulia.

Ijumaa ya jaribio ilifika. Célestine alisafisha madarasa mapema, akaacha ndoo na dawa kando ya mlango wa ofisi, akanawa mikono. Ticha Fiona alimpa karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu.

"Una saa moja," alisema, akatoka.

Célestine aliitazama kibodi. Ile ile ya miaka minne. Safari hii aliisoma. Kisha akainua macho, akaanza.

*Dear P*

Kidole kidogo kilipanda juu kwenda kwenye q. Alikisimamisha hewani. Alikirudisha chini, mahali pake.

*Dear Parents.*

Barua iliendelea. Alipokosea alifuta, hakugonga kwa nguvu. Alipoimaliza aliisoma tena yote, akaihifadhi na kuipa jina. Halafu akachora jedwali: jina la mtoto, umri, simu ya mzazi. Watoto walikuwa arobaini na sita. Alikuwa amemaliza wa kumi na tisa mlango ulipofunguliwa.

"Saa imeisha," alisema Ticha Fiona.

Célestine aliondoa mikono kwenye kibodi. Kifua kilimbana, na safari hii haikuwa dawa.

"Sijamaliza orodha, Ticha."

Ticha Fiona aliinama, akaisoma barua polepole mpaka mwisho. Akaangalia jedwali. Akahesabu kwa kidole mistari iliyobaki.

"Nani amekufundisha?"

"Video. Na jirani. Na boksi la biskuti."

Ticha Fiona hakuelewa habari ya boksi, lakini alitabasamu. "Hakuna kosa kwenye barua. Mwendo utaongezeka. Hii orodha naihitaji Jumatatu. Unaweza kuja kesho kuimalizia?"

"Kesho Jumamosi? Nakuja."

"Saa mbili. Sakafu nitaitafutia mtu mwingine."

Célestine alihifadhi kazi yake mara mbili, kwa hofu. Alichukua daftari akaandika: *Kesho naanza na namba ishirini.* Alipotoka, mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea ndoo. Aliurudisha, akashika mkoba, akapita.