Mwenyekiti Aliyechaguliwa kwa Mlolongo

Jumamosi ikifika, kwa kina Syombua hapana pa kukanyaga. Kina mama huja na majembe, wazee na sururu, na kabla ya kushuka kwenye mto uliokauka kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kuzuia mchanga unaotunza maji, wote hunywa chai wakipashana habari: nani kaoza binti, nani kauza punda. Syombua, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye hupitisha birika, na masikio yake hayajawahi kushiba.

Jumamosi hiyo habari ilikuwa moja tu. Mamake, Kavata, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, angeng'olewa.

"Leo anashuka!" alisema Musembi wa kamati. "Amechagua mahali pa bwawa bila kutuuliza. Chini hakuna mwamba, maji yatatoroka. Wenzetu wa ng'ambo ya mto walimtoa mwenyekiti wao kabla chai haijapoa. Sisi tunangoja nini?"

Syombua akaacha kumimina chai, akasikiliza.

"Musembi, kila ndege huruka kwa ubawa wake," alisema Mwalimu Mbaluka, katibu wa kikundi. "Kule ng'ambo, wanachama huchagua kamati, na kamati humteua mmoja wao awe mwenyekiti. Wakikosa imani naye, humtoa. Ndivyo wabunge wa Uingereza wanavyoweza kumwangusha waziri mkuu. Huo ni mfumo wa bunge. Lakini hapa kijiji kizima kilipanga mlolongo nyuma ya Kavata, kama Kenya yote inavyompigia rais kura. Kamati haikumpa kiti, basi haiwezi kumpokonya kwa kuudhika tu. Ni mpaka muhula uishe, au kosa kubwa lithibitishwe."

"Mama ni rais!" Syombua akaropoka. Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Rais, sawa," Musembi akajibu. "Lakini saruji hutoka kwa idhini ya kamati. Na hatutoi hata mfuko mmoja!"

"Hilo nalo ni kweli," Mwalimu akakiri. "Hata rais hatumii pesa ambazo Bunge halijapitisha."

Kicheko kikakatika. Mama angebaki na kiti, lakini bwawa lisingejengwa, na Syombua angeendelea kumfuata punda mbali kutafuta maji.

Kavata akainuka, akashika sururu. "Twendeni mtoni. Tuchimbe nilipochagua. Mwamba usipoonekana, tutahamia anapotaka Musembi."

Walichimba wakakuta mchanga, kisha mchanga tena. Kavata akapangusa jasho. "Nilikosea, jamani."

Musembi hakumcheka. Alimwongoza hadi kwenye kona ya mto, na huko sururu ikalia ngaa! Mwamba! Na juu ya mwamba ule, ndani ya mto mkavu, maji yakaanza kujikusanya polepole, maangavu kama kioo.

Maji yalimshangaza Syombua, lakini walimshangaza zaidi mamake na Musembi, maadui wa asubuhi, wakiwa wamepiga magoti bega kwa bega, wakinywea kikombe kimoja.

"Mwalimu," alinong'ona, "mfumo upi ni bora, wetu au wa ng'ambo?"

"Kila mmoja una kamba ya kumfunga kiongozi asijione Mungu, mwanangu. Kule humtoa, hapa humnyima saruji. Lakini kamba haileti maji. Leo tumepata maji kwa sababu mwenye kiti alikubali kusikia, na mwenye hasira alikubali kushika jembe. Ukiwa kiongozi, usisahau hayo mawili."

"Rais mdogo!" Musembi akaita kutoka shimoni. "Njoo uonje!"

Syombua akateremka mbio.