Kengele za Shambani na Kibao cha Darasani

Mwaka ule wa 1986, kila asubuhi wanafunzi wa darasa la saba walifagia uwanja wa shule yao, si mbali na Dabaso, kisha wakapigana vikumbo kuingia darasani. Jambo la kwanza lilikuwa kutazama ni nani aliyevaa kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, na aliyesikika shuleni akisema Kigiriama, lugha ya nyumbani kwao, alikivaa shingoni. Njia ya kukivua ilikuwa moja tu: kumnasa mwenzako akisema Kigiriama, umvishe yeye. Aliyekuwa nacho Ijumaa alifyeka nyasi wenzake wakiburudika.

Dena alikuwa na kichwa chepesi, na kujiona alijiona kwelikweli. Siku ya Wazazi ilipokaribia, Mwalimu Musyoka alimchagua awaeleze wageni, kwa Kiswahili, habari za Lemuel Harkway, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Dena alizikariri zote: kwamba Harkway alikuwa mjukuu wa watumwa, kwamba alichuma pamba tangu utotoni, akaosha vyombo hotelini huku akijifunza kusoma, na kwamba riwaya yake kubwa ilisimulia juu ya tajiri aliyewavisha vibarua wake kengele shingoni ili asikie kila waendako. Mwisho alisema, "Kengele ni ishara ya ukandamizaji." Ukimuuliza ukandamizaji ni nini, alirudia sentensi hiyohiyo.

Basi Alhamisi, uwanjani, mpira ulimpita akaropoka kwa Kigiriama. Akavishwa kibao. Lo, alitahayari! Kesho yake ndiyo Siku ya Wazazi, na mwenye kibao hasimami mbele ya wageni.

Ijumaa asubuhi alimfuata Kadzo, jirani yake, penye bomba la maji. Kadzo alikuwa aghani shairi siku hiyo, na nyanya yake, aliyetoka kuugua, angekuja kumsikiliza. Dena alilijua hilo vizuri. Alificha kibao ndani ya shati, akamsalimu kwa Kigiriama na kumuuliza hali ya nyanya. Kwao, anayemjulia hali mgonjwa wako hujibiwa vizuri, tena kwa lugha aliyokuulizia. Kadzo akajibu kwamba nyanya ameamka salama na anashukuru. Hapo Dena akakitoa kibao. Kadzo alimtazama tu, akainamisha kichwa akavishwa.

Wazazi walipoketi, nyanya yake Kadzo aliingia polepole akiuliza, kwa Kigiriama, mjukuu wake yuko wapi. Akaonyeshwa dirishani. Kule nje Kadzo alikuwa akifyeka nyasi. Nyanya akasimama hapo hapo, hakutaka kiti.

Dena alisema yote aliyokariri, akapigiwa makofi. Kisha mzazi mmoja, Mzee Mwambire, akataka kujua mbona hao vibarua hawakuzivua kengele zao.

"Walivuliwa kwa sharti moja," Dena akajibu. "Ukimtaja mwenzako anayetaka kutoroka, unavuliwa wewe, anavishwa yeye."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Alimtazama nyanya pale dirishani, na aibu ikamwingia.

"Mwalimu," akasema, "Kadzo hana kosa. Kibao ni changu. Nilimtega kwa kumuuliza hali ya nyanya yake."

Mwalimu Musyoka aliinuka. Alitoka nje, akamvua Kadzo kibao kwa mikono yake, akarudi naye na kumwomba nyanya radhi mbele ya watu wote. Kadzo akaghani. Mwanzo sauti ilikuwa ya kulia, kisha ikatulia, na nyanya akakubali kuketi.

Wageni walipoondoka, mwalimu alimkuta Dena akimalizia nyasi bila kutumwa. Akachuchumaa kando yake.

"Mimi nami nilivishwa kibao nilipokuwa mdogo huko Ukambani," alisema, "nikakua nikidhani ndivyo shule ilivyo. Hakitavaliwa tena darasani mwangu. Lakini usijione shujaa, Dena. Yule tajiri wa kitabuni hakuhitaji askari. Alihitaji watu waoga, kama wewe asubuhi, na kama mimi miaka yote hii. Kusema ukweli baada ya kupigiwa makofi ni kazi ngumu, nawe umeiweza. Imebaki moja. Nenda ukamwombe Kadzo msamaha, na umwombe kwa Kigiriama."