Nilimwachia Akiru Aniongelee, Nikampoteza Mwanangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nauza samaki wakavu sokoni Lodwar. Wasomaji wenzangu, wengine huponzwa na mdomo... mimi niliponzwa na kunyamaza!

Tangu utotoni, nikisimama mbele ya watu sauti hunikauka. Akiru, binti wa mama yangu mdogo niliyelelewa naye pamoja, ndiye aliyeniongelea kila mahali, kanisani, kwa chifu, hata siku ya kuposwa. Nilimwona malaika.

Mwaka jana mume wangu alifariki. Ndugu zake wa Kakuma, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, wakaitisha kikao kuamua Nawoi wetu, mtoto wa miaka sita, alelewe wapi. Mahari ilikuwa imekamilika, kwa hiyo kimila mtoto ni wao, lakini wazee walikubali kunisikiliza kwanza. Neno langu tu ndilo lingeniachia Nawoi.

Nilijifunza jamani! Kiongozi wa kwaya alinisimamisha mbele ya kina mama nisome maombi, Jumapili baada ya Jumapili, hadi magoti yakaacha kugongana. Nyumbani nilihutubia mitungi ya maji. Akiru alinicheka, akasema nitajiaibisha bure, wazee wa Kakuma si kina mama wa kwaya. Mbona sikushtuka?

Siku ya kikao huko Kakuma nikasimama. Wanaume wote wakanitazama... maneno yote yakanipotea. Nikamgeukia Akiru, kama nilivyozoea. Akainuka taratibu.

"Dada yangu amekubali," akasema. "Mtoto akae huku kwa baba yake mkubwa."

Nilitaka kupiga mayowe. Ulimi ukagoma! Wazee wakaona kunyamaza kwangu ni kukubali, kikao kikaisha.

Miezi michache baadaye, Akiru akaolewa na huyo baba mkubwa. Kumbe walikuwa wamepatana zamani; shemeji alimtaka mtoto, Akiru naye alimtaka shemeji. Leo Nawoi anamwita Akiru mama!

Uchungu ukanifungua mdomo. Nilirudi Kakuma, nikasimama mbele ya wazee wale wale, nikasema yote bila kutetemeka. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho.

"Siku ile sisi tulimuuliza mama ya mtoto," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa pale pale... na Nawoi akabaki kwao.

Ndugu zangu, sauti ikitetemeka, iacheni itetemeke. Machozi yakija, ongeeni mkilia. Lakini nawasihi, msimwachie mtu mdomo wenu, hata kama mlinyonya titi moja!