Kiungo Ndani ya Nukta

"Chai imemwagika."

Nelius Njoka alibana simu kati ya bega na sikio, akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga.

"Imemwagika wapi?"

"Kwa shangazi. Fungua kitabu sasa hivi."

Simu ya makao makuu ikakatika.

Saa saba na dakika arobaini mchana. Mji mdogo wa Ishiara ulikuwa unaungua kwa jua. Chumba alimojificha kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, kimejaa harufu ya dawa ya kupe, na mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa joto. Nelius aliketi juu ya debe lililopinduliwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, ofisa wa Idara ya Upelelezi kwa miaka kumi na saba, mwanamke mzaliwa wa bonde hilohilo. Amri ile aliielewa vizuri kuliko alivyotaka.

Chai ni siri. Shangazi ni Khalif.

Khalif Shurie alikuwa mwenzake. Dereva wa malori kutoka mjini Meru, mtu mpole mwenye ndevu za hina, aliyepenyezwa ndani ya genge la Gachoki miezi mitano iliyopita. Tangu juzi hakuwa amepiga simu.

Wamemjua.

Gachoki alikuwa mnunuzi wa ndengu anayejulikana Mbeere nzima. Chini ya magunia ya ndengu alibeba kitu kingine: sindano za kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Zilitengenezwa ng'ambo na watu wasio na majina. Chupa zilikuwa sawa, lebo zilikuwa sawa, hata muhuri. Ndani mlikuwa na maji na chumvi. Mwezi uliopita akina mama wanne walikuwa wamekufa katika zahanati moja kwa siku tisa, muuguzi akiwa amesimama na sindano mkononi, asielewe kwa nini damu haikomi.

Nelius alifungua ThinkPad yake kuukuu, akaiunganisha na simu. Mtandao ulikuwa kijiti kimoja.

Kitabu kilikuwa ukurasa wa mtandao ambao Gachoki aliandika humo safari za magari yake, ili wenzake wa ng'ambo wafuatilie mzigo. Anwani aliituma Khalif, pamoja na onyo: usiufungue kwa kivinjari chenye picha. Mlikuwa na picha ndogo kama punje ya mtama. Kivinjari cha kawaida kikiivuta tu, Gachoki anapata habari kwamba mgeni ameingia, na ukurasa unafutwa. Makao makuu walishaupuuza mtego huo mara moja, wakafungua ukurasa wa kwanza kwa pupa. Ulifutika baada ya dakika tatu. Tangu siku hiyo Gachoki alianza kuwatazama madereva wake kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo Nelius alitumia kivinjari cha maandishi matupu. Hakina picha wala rangi. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, basi.

Alibonyeza g, amri ya kwenda. Akaandika anwani herufi moja moja. Akabonyeza Enter.

Akangoja.

Herufi zilianza kushuka mstari kwa mstari.

BEI ZA NDENGU NA NTHOROKO, MBEERE KASKAZINI.

Viungo kumi na vinne vya kufungulia kurasa nyingine. Siakago. Kiritiri. Soko la Jumatatu. Alishuka kwa mshale wa kibodi, akafungua cha kwanza. Bei za ndengu. Mshale wa kushoto, akarudi. Cha pili. Bei za nthoroko, zile kunde za huko. Akarudi. Mshale wa chini ulikuwa umeingia vumbi. Ukiubonyeza mara moja unaruka viungo viwili au vitatu. Alilaani kimoyomoyo.

Saa saba na dakika hamsini na tano.

Alipofika mwisho hakuwa amepata chochote. Jasho lilimtoka kwenye nywele likamwingia machoni. Akaanza kupanda juu kwa mshale wa juu, ambao ulikuwa mzima.

Kiungo cha kumi na tatu. Cha kumi na mbili. Kisha mwanga unaoonyesha kiungo ukatua mahali pa ajabu.

Kwenye nukta.

Nukta ya mwisho wa sentensi, ile iliyosema "Karibuni wakulima wote." Kwa kivinjari cha kawaida ingekuwa nyeupe juu ya nyeupe, hakuna jicho ambalo lingeiona. Hapa ilikuwa uchi. Alibonyeza Enter, kivinjari kikagoma. Akajaribu tena. Akashika kipanya, akakisogeza polepole hadi kile kialama kikakalia nukta, akashusha pumzi, akabofya.

Skrini ikawa tupu.

Kisha:

GARI 1. MAUA. MABOKSI 2. YAMESHUKA ASUBUHI.
GARI 2. FUSO YA BLUU. MABOKSI 60. ISHIARA SAA NANE NA NUSU.
DEREVA WA TATU NI MGONJWA. KIANJAI. ATAPUMZISHWA SAA TISA.

Chini yake palikuwa na viungo viwili tu. [wapokeaji] na [picha].

Nelius alipiga simu. Upande wa pili alikuwa Nyaga, mkuu wake, sauti kavu kama ganda la njugu.

"Mzee, wanamuua Khalif saa tisa. Kianjai."

"Kianjai wapi?"

"Haisemi. Kuna picha. Nadhani ni ya mahali penyewe, wanaoneshana."

"Usiiguse."

"Mzee..."

"Nelius, nisikilize. Ukiivuta picha yoyote ya humo, Gachoki anajua. Fuso inageuka, maboksi sitini yanapotea msituni, na hatutayaona tena mpaka tuanze kuhesabu makaburi. Mzigo kwanza."

"Na Khalif?"

"Ofisa wetu Mutugi yuko Isiolo. Namtuma Kianjai sasa hivi. Akifika, mwambie pa kwenda. Kama utakuwa umejua."

Nelius aliutazama mwanga ukipepesa juu ya lile neno, [picha]. Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. Kubofya mara moja tu.

Akaondoa kidole.

Aliacha ukurasa wazi, akaingia kwenye gari lake la Probox na ThinkPad kwapani. Bastola yake ya Ceska ilikuwa kiunoni, risasi kumi na tano.

Fuso ilitokea saa nane na dakika thelathini na tatu, imejaa magunia, vumbi likiifuata kama mkia. Mbele walikuwa wawili: dereva, na Gachoki mwenyewe katika kofia nyeupe. Nelius aliacha ipite. Akaifuata kilomita nne. Kabla ya daraja dogo barabara ilinyooka. Akakanyaga mafuta.

Probox ililia.

Aliipita Fuso kwa upana wa kiganja, akaingia darajani, akavuta breki ya mkono. Gari likazunguka, likaziba daraja.

Fuso ilipiga breki. Magunia mawili yakaanguka, ndengu zikamwagika barabarani. Dereva aliruka nje akakimbilia vichakani bila kutazama nyuma. Gachoki alitoa mkono dirishani.

Paa! Paa!

Kioo cha Probox kikapasuka. Nelius alikuwa ameshalala chini nyuma ya gurudumu. Alilenga kwa utulivu, akafyatua mara moja. Bastola ya Gachoki ikaruka, na vidole vyake viwili vikabaki vinaning'inia.

"Shuka."

Alishuka, amekumbatia mkono wake. Hakulia. Alimtambua Nelius.

"Mwari wa Njoka," binti wa Njoka, alisema kwa Kiswahili cha huko nyumbani. "Wewe wa hapa hapa kwetu. Mama yako ananiuziaga ndengu kila mavuno."

"Khalif yuko nyumba gani?"

"Angalia saa yako, mama."

Saa nane na dakika arobaini na sita.

"Nyumba gani, Gachoki?"

"Hata nikikwambia, sitakwambia ukweli. Sasa itakusaidia nini?"

Nelius alimfunga pingu kwenye chuma cha lori. Akapanda juu, akachana magunia kwa kisu. Maboksi yalikuwepo. Aliyahesabu mara mbili. Sitini.

Kisha akaweka ThinkPad juu ya boneti iliyokuwa ikichoma kama kikaango. Mtandao ulikuwa kijiti kimoja, tena kinakuja na kutoweka.

Sasa angeweza kufungua picha. Lakini palikuwa na viungo viwili. [wapokeaji] yalikuwa majina ya waliopokea yale maboksi mawili ya Maua. Kwa mtandao huo kila ukurasa ulitaka dakika nne au tano. Akianza na majina, picha ingefika saa tisa imepita. Akianza na picha, genge lililobaki lingepata habari, na ukurasa ungefutika kabla ya majina.

Boksi moja lilikuwa na chupa mia moja.

Alimkumbuka Khalif akigawanya maembe kwa kisu chake kidogo, kila kipande sawasawa, kana kwamba anapima dawa.

Akashika kipanya. Akabofya [picha]. Kivinjari kikamuuliza kama anataka kuihifadhi.

Y.

Asilimia nne. Tisa. Kumi na moja. Ikakwama. Aliinyanyua simu juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, akisimama hivyo katikati ya daraja huku Gachoki akimtazama.

"Unamtafutia mtu aliyekufa mtandao," Gachoki alisema.

"Nyamaza."

Thelathini. Hamsini na mbili. Simu yake ya pili ikalia mfukoni.

"Afande, ni Mutugi. Naingia Kianjai. Niende wapi?"

"Ngoja kwenye mstari."

Themanini. Mia moja.

Alifungua picha. Godauni ya mabati yenye mlango wa kijani, tangi jeusi la maji juu ya mbao, nyuma yake mnara wa kanisa uliokosa msalaba.

"Mutugi! Mlango wa kijani, tangi jeusi, nyuma ya kanisa lisilo na msalaba."

"Naliona kanisa. Naona tangi."

Saa tisa kasorobo ilishapita zamani. Saa yake ilisema saa nane na dakika hamsini na nane.

Alisikia breki. Mlango wa gari. Viatu vikikimbia kwenye kokoto. Kisha teke moja, mlango ukigonga ukuta.

"Mutugi?"

"Afande."

"Sema."

"Hawakungoja saa tisa. Bado ana joto, afande. Kabisa bado ana joto."

Nelius alirudi kwenye skrini. Akabonyeza mshale wa kushoto, akashuka hadi [wapokeaji], Enter.

UKURASA HAUPO.

Akabonyeza tena.

UKURASA HAUPO.

Nyuma yake Gachoki alicheka kidogo, kisha maumivu yakamkatiza.

Kesho yake asubuhi Nyaga alipiga simu. Maboksi sitini yamechomwa, isipokuwa chupa chache za ushahidi. Gachoki yuko hospitali chini ya ulinzi, na mawakili wawili tayari wako mlangoni. Ukurasa haupo, kwa hiyo mahakamani watakuwa na ndengu, maji ya chumvi, na neno la Nelius. Wa ng'ambo hawajulikani.

"Kazi nzuri," alisema. "Rudi Nairobi."

"Kwanza napita Meru, Mzee."

Duka la Leylo, mke wa Khalif, liliuza vitambaa karibu na msikiti mjini Meru. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa naye walinyanyuka Nelius alipoingia, wakawaachia nafasi. Mazishi yalikuwa yamekwisha alfajiri.

"Pole sana, Mama Ijabo."

"Asante, dada. Keti." Leylo alikuwa na macho makavu, mekundu. "Wewe ndiye ulikuwa naye hiyo kazi?"

"Mimi."

"Alikuwa ananiambia anabeba simiti." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Hizo dawa mmezishika?"

Nelius angeweza kusema ndiyo. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kusema ndiyo.

"Karibu zote. Maboksi mawili yalishuka Maua. Hatujui nani alipokea. Nilikuwa na nafasi moja ya kujua, nikaitumia kumtafuta Mzee wako. Nikachelewa."

Leylo aliacha kukunja.

"Maua?"

"Ndiyo."

"Binti yetu Ijabo ameolewa Maua." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Tumbo ni la miezi tisa. Hakuweza hata kuja kumzika baba yake. Daktari alisema siku yoyote kuanzia leo."

Nje muadhini alijaribu kipaza sauti, kikakoroma.

"Nimwambie nini, dada? Akatae sindano?"

Akikataa sindano ya kweli, anaweza kufa. Akikubali ya uongo, anaweza kufa. Kwa macho hakuna awezaye kuzitofautisha.

"Mwambie anipigie uchungu ukianza," alisema, akaandika nambari yake kwenye karatasi ya kupimia kitambaa.

Leylo aliichukua karatasi, akaishika tu.

Nelius alivaa miwani yake myeusi, akatoka bila haraka, kama mteja aliyekosa rangi aliyoitaka. Maua ilikuwa na zahanati, kliniki na maduka ya dawa zaidi ya arobaini, na kila mahali pangekuwa na rafu ya chupa zinazofanana. Aliwasha Probox isiyo na kioo cha mbele, akaenda Maua kuanza kuulizia katika duka la kwanza.